Maharage Yanaoza Darasani? Mwongozo Kamili wa Kuotesha Mbegu na Watoto wa Awali

Kila muhula nakutana na mwalimu wa awali mwenye kisa kilekile. Alipanga somo la kuota kwa mbegu, akaleta pamba na maharage, akamwaga maji, watoto wakapiga makofi. Siku ya nne darasa linanuka, maharage yamevimba na yanateleza, na mzizi hauonekani hata mmoja. Mwingine mbegu zake zimeota vizuri tu, lakini watoto hawakuambulia kitu. Ukiwauliza mbegu inahitaji nini wanaimba kwa pamoja, "Maji, hewa na jotoooo!", na hakuna aliyeisogelea chupa tangu siku ya kwanza.

Tatizo la kwanza ni la maji. La pili ni la mwalimu anayetoa jibu kabla mbegu haijajibu. Nimeyafanya yote mawili. Mara yangu ya kwanza nilijaza maji mpaka pamba ikaelea, Ijumaa nikafunga madirisha nikaondoka. Jumatatu asubuhi watoto waliingia, wakaziba pua, na mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa, "Ticha, umeyapika?"

Hatua zilizo hapa chini zinalifaa darasa la awali Tanzania, na PP1 na PP2 Kenya vilevile, hata kama una watoto 60 chumba kimoja. Zinachukua kama wiki mbili. Anza Jumatatu. Ukianza Alhamisi, mzizi utatokea Jumamosi darasa likiwa limefungwa, na jambo watoto walilokuwa wakilisubiri watalikuta limeshapita.

## Vifaa

- Maharage makubwa ya chakula kutoka sokoni, ya msimu huu, yasiyotobolewa na wadudu. Robo kilo inatosha na kusaza.
- Chupa angavu za maji ya kunywa, za nusu lita au lita moja: moja kwa kila kikundi cha watoto watano au sita, na tatu za ziada.
- Kitambaa cha pamba, kama kipande cha kanga au shuka kuukuu.
- Mchanga safi uliooshwa mpaka maji yake yakatoka meupe.
- Vizibo vya chupa hizohizo. Ndivyo vitakuwa kipimo cha maji.
- Utepe wa karatasi, ule wanaotumia mafundi rangi, na kalamu ya wino mzito.
- Sahani mbili bapa.
- Karatasi, kalamu za rangi, manila moja, mkasi na gundi.
- Beseni, sabuni na maji ya kunawa mikono.

Pamba ya dukani nimeiacha makusudi. Inanyonya maji mengi na kuyashika, mbegu inabaki imezama humo bila hewa, na mizizi ikijisokota ndani yake huwezi kuitoa bila kuikata. Tishu nayo huwa uji siku ya tatu.

Kuhusu mbegu, jambo moja halina mjadala: usitumie mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi, nyekundu au kijani. Rangi hiyo ni alama kwamba zimewekwa dawa ya kuua ukungu au wadudu. Hata maharage ya sokoni yaoshe vizuri, maana huenda yalihifadhiwa kwa dawa ya unga.

Kunde zinaota vizuri pia, hasa Pwani. Choroko zinaziwahi zote, lakini ni ndogo mno kwa vidole vya mtoto wa miaka minne, na pua inazikaribisha kwa urahisi.

## Hatua ya 1: Jaribu mbegu zako nyumbani, wiki moja kabla

Chukua mbegu kumi, zilaze kwenye kitambaa chenye unyevu, zikunje humo, weka kwenye sahani kabatini. Hakikisha kitambaa hakikauki.

Baada ya siku nne au tano hesabu. Zikiota nane au zaidi, endelea. Zikiota tano, tafuta maharage mengine, kwa sababu yaliyokaa ghalani miaka miwili mitatu huwa yamechoka na hakuna ustadi wa mwalimu utakaoyaamsha.

Jaribio hili pia linakupa kalenda yako. Kwenye joto la Tanga au Dar es Salaam mzizi huchomoza siku ya pili au ya tatu. Njombe mwezi wa saba unaweza kusubiri wiki nzima. Usiwaahidi watoto siku kabla hujaijua.

## Hatua ya 2: Andaa chupa, watoto wakiwa hawapo

Kata chupa chini kidogo ya bega lake. Ukingo uliokatwa ni mkali, kwa hiyo uzungushie utepe wa karatasi, nje na ndani. Kazi hii ifanyie nyumbani. Kisu na watoto 60 ni vitu visivyokaa chumba kimoja.

Kila chupa ibandike picha, si jina: samaki, jua, nyota, kuku, mwezi. Watoto wako bado hawasomi, ila hakuna atakayesahau kwamba yeye ni wa Samaki.

## Hatua ya 3: Mbegu kavu mikononi mwa watoto (Jumatatu)

Kaeni chini, kivulini kama darasa ni dogo. Kila mtoto apewe harage moja, moja tu, na ujue umetoa mangapi.

Sasa kazi yako ngumu kuliko zote: nyamaza. Usiseme "hii ni mbegu, ina ganda." Uliza, "Unaona nini?" kisha hesabu moyoni mpaka tano kabla ya kufungua mdomo tena. Ukimya huo utakutesa wewe kuliko watoto. Mara nyingi majibu mazuri huja sekunde ya nne, kutoka kwa yule mtoto ambaye siku zote anazidiwa na wenye sauti.

Watakwambia ni gumu, linateleza, lina doa. Doa hilo ni kovu la mahali mbegu ilipokuwa imeshikamana na ganda la mmea wake, kama kitovu. Waache wagundue wenyewe kwamba kila harage linalo. Wakishagundua, waambie habari ya kitovu, uone wote wanavyofunua matumbo yao.

Tahadhari. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa vizuri. Punje chache tu zinatosha kumtapisha na kumharisha mtoto. Sema mapema na kwa lugha nyepesi: "Haya ni ya kuangalia, hayaliwi." Kisha hesabu unapokusanya. Harage moja lisipopatikana, litafute kabla ya kitu kingine chochote, ukianzia puani na masikioni. Likiwa limeingia, usilichokoe kwa kijiti wala kumwaga maji. Maji yatalivimbisha humohumo. Mpeleke zahanati.

Dalili ya mafanikio: watoto wamesema angalau vitu vitano kuhusu harage ambavyo wewe hukuwaambia.

## Hatua ya 4: Loweka usiku mmoja, usizidishe

Jumatatu kabla ya kutoka, watoto wanne au watano wamwage maharage kwenye bakuli la maji safi. Acha kando machache makavu kwenye sahani.

Muda wa saa nane mpaka kumi na mbili unatosha. Mbegu ni kiumbe hai, inapumua, na ikikaa majini siku mbili inakosa hewa na kufa. Mwalimu anayesema "niliziloweka wikiendi nzima zilainike vizuri" ameshazizika.

## Hatua ya 5: Fungua moja (Jumanne asubuhi)

Weka harage kavu na lililolowa kwenye viganja viwili vya mtoto mmoja, kisha mwingine. Lililolowa limekuwa kubwa na zito, na ganda lake limelegea au limekunjamana. Uliza tu, "Kumetokea nini usiku?"

Kisha kila kikundi kipewe harage moja lililolowa wakalivua ganda. Mtoto mmoja wangu alitangaza, "Limevua shati!" na tangu siku hiyo darasani kwetu ganda la mbegu linaitwa shati.

Nusu mbili zikiachana polepole kwa kucha, upande mmoja, karibu na lile kovu, kuna kitu kidogo cheupe kilichojikunja, mfano wa mkia wenye vijani viwili vyembamba kuliko unyasi. Huo ndio mche wenyewe, umeshaumbika unasubiri. Hizo nusu mbili nono ni chakula chake. Kwa sababu hiyo mbegu haihitaji udongo ili iote. Ina akiba yake.

Usiliharakishe tukio hili. Ukiwa na lenzi, kile kioo cha kukuza vitu, izungushe. Ukiwa huna, macho ya watoto yanaona vizuri kuliko yako. Nimeshapoteza dakika arobaini hapa nikiwa nimepanga kumi, na sikujuta.

(Kikundi kitakachokata kile kimche kwa kucha kitalia. Kuwa na maharage ya akiba.)

## Hatua ya 6: Panga mbegu kwenye chupa

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo fuata mpangilio kama ulivyo.

1. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa kizungushwe ndani ya chupa kikigusa ukuta wake pande zote mpaka chini.
2. Katikati jaza mchanga, uikandamize nguo ishikane na plastiki.
3. Mbegu tatu zipenyezwe kati ya nguo na plastiki, zikionekana kwa nje, juu ya nusu ya kimo cha chupa.
4. Mtoto mmoja mmoja amwage maji kwa kizibo, mpaka chini yaonekane maji yenye kina cha unene wa kidole kimoja, basi.

Sababu ni hii: nguo na mchanga vitapandisha unyevu wenyewe mpaka ulipo mbegu, kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta. Mbegu inapata maji bila kuogelea. Maji yakizigusa mbegu, umerudi kwenye ile Jumatatu yangu ya kuziba pua.

Mbegu tatu, si moja, kwa sababu moja inaweza kugoma, na hutaki kikundi kizima cha Kuku kikae wiki mbili kikiangalia harage mfu.

Wacha watoto wapenyeze wenyewe. Zitakaa kichwa chini, ubavu, vyovyote. Usizinyooshe. Mzizi utaelekea chini kokote utakakotokea, na kuna mtoto ataliona hilo kabla yako.

Chupa zikae mahali penye kivuli na hewa, mbali na jua kali la dirishani. Plastiki angavu juani inageuka tanuri.

## Hatua ya 7: Chupa tatu za ubishi

Hizi ndizo zile chupa za ziada, na kwangu mimi hapa ndipo sayansi inapoanza. Kila moja ina mbegu tatu zilizolowekwa usiku mmoja, na zote zinakaa pamoja.

Ya kwanza umeipanga kama nilivyoeleza. Ya pili ni kavu: nguo kavu, mchanga mkavu, hakuna tone. Ya tatu imejazwa maji, mbegu zimezama kabisa.

Uliza, "Ipi itaota vizuri?" Kila mtoto aweke kokoto moja mbele ya chupa anayoiamini. Ukihesabu, rundo kubwa mara nyingi litakuwa mbele ya ile iliyojaa maji. Kwa mtoto ambaye kila siku anaambiwa mmea unapenda maji, jibu hilo lina akili kabisa.

Usimsahihishe. Usicheke, usitikise kichwa, usiseme "tutaona" kwa ile sauti ya kujua. Piga picha marundo au yachore kwenye manila, ningʼiniza ukutani. Siku ya tano, mbegu zilizozama zimelainika na maji yana povu, ndipo watoto warudi kwenye manila yao. Utasikia mtoto akijieleza mwenyewe: "Zimekunywa mpaka zimekufa." Sentensi hiyo huwezi kuifundisha ubaoni.

Ile kavu nayo ina kisa. Mbegu zake zilikuwa zimeshalowekwa, kwa hiyo moja inaweza kuchomoza kamzizi kadogo kisha ikanyauka. Usiifiche. Waulize kwa nini ilianza ikaacha.

Iliyozama ifunike kwa kipande cha nguo tangu mwanzo, na siku ya tano imwage nje. Itanuka, na maji yaliyotuama ni hoteli ya mbu.

## Hatua ya 8: Kuchungulia kila siku

Dakika tano asubuhi, vikundi viwili viwili, wengine wakiwa kwenye kona nyingine. Watoto 60 kuzunguka chupa kumi ni maandamano.

Kila kikundi kina mwenye zamu wa kugusa nguo. Ikiwa na unyevu, hamwagi kitu. Ikianza kukauka, kizibo kimoja. Watoto wanapenda kumwagilia kuliko wanavyopenda mbegu, na bila sheria hiyo kila atakayepita ataongeza kizibo chake kwa mapenzi mema.

Utakuwa na mtoto anayetaka kuchomoa mbegu kila siku aone imefika wapi. Nilikuwa naye, nikamkaripia siku tatu mfululizo, naye akawa anachomoa nikigeuka. Siku ya nne nilimpa sahani yenye kitambaa kibichi na maharage sita, nikamwambia, "Hizi ni za kuchungulia. Zishike unavyotaka." Siku hizi sahani ya kuchungulia iko darasani kila mwaka, na ndiyo inayotumika kuliko chupa zote. Mtoto asiyeona vizuri naye anafuata somo kwa vidole vyake hapohapo. Wote wanawe mikono wakimaliza.

Maswali ya kuuliza ni machache: "Leo kuna nini ambacho jana hakikuwepo?" "Umejuaje?" "Kesho unadhani itakuwaje?" Epuka swali lolote linaloweza kujibiwa "Ndiyooo Mwalimu."

Utarajie nini? Kwenye joto la kawaida la Pwani, siku ya pili au ya tatu ganda linapasuka na mzizi mweupe unatokea karibu na kovu. Siku ya nne au ya tano shina linajipinda kama ndoano, likizivuta nusu mbili za harage kwenda juu. Baada ya wiki hivi majani mawili ya kwanza yamefunguka. Mtoto akikwambia harage "limebebwa kichwani", ameona sawasawa.

Majani yakitoka, sogeza chupa penye mwanga.

## Hatua ya 9: Kupima na kuchora

Rula haina maana kwa mtoto wa miaka mitano. Kata utepe wa karatasi urefu sawa na mche wa leo, kuanzia chini ya shina mpaka ncha ya juu, ubandike kwenye manila. Rudia kila baada ya siku mbili, kando kwa kando. Baada ya wiki tepe zimepanda ngazi ukutani na watoto wanasoma wenyewe: "Huu umeuzidi huu." Hesabu imeingia bila kubisha hodi.

Wachore siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya nane. Ila usichore ubaoni kwanza. Ukichora, utapata nakala 60 za mchoro wako, na majani matano ambayo mmea wao hauna. Weka chupa mbele yao, waambie, "Chora hii." Michoro itakuwa ya ajabu. Mtoto akichora mzizi unaokwenda pembeni, kaangalie chupa yake kabla hujasema amekosea.

Chini ya mchoro andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na hilo shati.

## Mambo yakienda kombo

Ukungu mweupe wenye nyuzi. Mbegu moja imekufa. Itoe, osha chupa, badili nguo. Usichanganye na vinyweleo vya mzizi, ambavyo ni laini na vimekaa kwenye mzizi tu, haviendi kwenye ganda.

Hakuna kinachotokea siku ya sita. Kama mnakaa nyanda za juu, subirini. Usiku zifunikeni kwa boksi kupunguza baridi.

Mche mrefu, mwembamba, wa njano. Umekosa mwanga. Usiutupe. Uweke kando ya mche wa kijani, uwaulize watoto upi una afya. Wengi watachagua mrefu, na hapo umepata somo la wiki ijayo: mbegu mbili, moja kabatini, moja dirishani. Usiliunganishe na lile la maji. Mtoto wa umri huu ana nafasi ya swali moja kwa wakati mmoja.

Panya, kuku, sisimizi. Chupa ziwe juu ya meza, na usiku zifunikwe kwa kikapu au chandarua kikuukuu.

Wikiendi. Ijumaa angalia kina cha maji kiwe kidole kimoja, acha dirisha lenye wavu wazi. Mbegu zitavuka siku mbili bila mlinzi.

## Miche ikishakua

Akiba ya zile nusu mbili huisha, zinasinyaa na kudondoka. Baada ya hapo maji matupu hayatoshi, mmea unataka udongo. Usisubiri miche ife dirishani.

Chimbeni mashimo yenye kina cha kidole, mwagilieni kabla. Kata chupa kwa ubavu, toa mche pamoja na kipande cha nguo kilichong'ang'aniwa na mizizi, upandeni hivyohivyo, jioni au siku ya mawingu. Kila kikundi kipeleke picha yake na kuichomeka kwenye kijiti. Ukitaka maharage ya kuvuna, hesabu miezi miwili hadi mitatu kutegemea aina na hali ya hewa, na uzungushie miiba mapema. Mbuzi wa jirani hawajui Samaki ni nani wala Nyota ni nani.